Manung'uniko ya Wajane na Mtaro wa Mtaa Wetu

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa lilipopata ugomvi wake wa ndani, na ugomvi wenyewe ulihusu chakula. Wayahudi waliosema Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku, hali wajane wa Waebrania walikuwa wakipata. Luka angeweza kulificha jambo hilo kwa heshima ya kanisa, lakini ameliandika wazi. Tena ameandika kwamba liliibuka wakati ule ule wanafunzi walipokuwa wakiongezeka.

Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuwaambia waombe zaidi na kuvumilia. Waliwakutanisha wanafunzi wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Ukiyasoma majina ya waliochaguliwa, yaani Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, utaona kwamba yote ni ya Kiyunani, na huyo wa mwisho alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Inaelekea basi kwamba huduma ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliosahauliwa, nao wakagawa chakula kwa wajane wa pande zote mbili. Luka hatuambii umri wao, nami sitawafanya vijana kwa nguvu ili somo linifae. Ninachokiona ni kwamba aliyelalamika alipewa kazi.

Nimelitafakari somo hili kwa aibu kidogo. Katika masika yaliyopita, maji yaliingia katika nyumba nne za mtaa wetu hapa Dar es Salaam, na wazee wawili wa jumuiya yetu wakagombana kwa sababu ya ukuta ambao mmoja wao alikuwa ameujenga kando ya mtaro. Yesu anafundisha katika Mathayo 18 kwamba ndugu akikukosea umwendee kwanza, wewe na yeye peke yenu. Wao walianza kwa kusemana katika kundi la simu, mbele ya watu wote, na baada ya wiki mbili mmoja wao aliacha kuhudhuria jumuiya. Kijana mmoja alipoomba kusema neno, mimi ndiye niliyemjibu kwamba hayo ni mambo ya wazee.

Vijana hawakunisikiliza, na namshukuru Mungu kwa hilo. Walichukua futi kamba na karatasi ya manila, wakaupima mtaro kutoka juu hadi chini, wakaweka alama kila mahali ambapo maji yalifika ukutani. Jambo hili si geni katika jiji letu: tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wamechora mitaro na njia za maji katika kata zinazokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwa mojawapo. Ramani ya vijana wetu haikuwa na ufundi huo, lakini ilionyesha jambo ambalo wazee wote wawili hawakuwa wamelisema: kweli ukuta ulibana maji, lakini kalavati lililo juu yake lilikuwa limejaa taka zetu sote, na taka zangu zimo.

Tulikuwa tumekwisha kuzungumza habari ya kwenda baraza la kata. Si vibaya kwenda huko, kwani tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo, katika migogoro ya ardhi, hupatanisha tu, wala halitoi hukumu. Lakini mwenye kutafuta upatanisho huko bila kumtafuta kwanza jirani yake ameruka nyumba iliyo karibu. Tuliketi barazani kwa mjumbe, ramani ikiwa imetandikwa mkekani, na kwa mara ya kwanza wazee wale walibishana juu ya mtaro badala ya kubishana juu ya heshima. Mwenye ukuta alikubali kutoboa matundu mawili. Mwenzake hajarudi jumuiya bado, ingawa salamu wanapeana, na nisingependa kuieleza habari hii kana kwamba imekwisha.

Watu wale saba hawakuishia mezani. Stefano alisimama mbele ya baraza kuu akalipa kwa uhai wake, na Filipo akaipeleka Injili Samaria. Mara nyingi tunawaita vijana siku ya kupanga viti na kuimba, kisha tunashangaa kwamba mambo ya mtaa hayawagusi.

Jumamosi hii jumuiya itakutana saa 12:30 asubuhi kwenye kalavati. Somo litasomwa na kijana yule niliyemnyamazisha, na vijana wameomba kila nyumba ije na koleo au jembe.