Miguu ya bata: nilivyorekebisha picha zangu za watu waliosimama

Kila niliyemwonyesha picha zangu alinipa dawa ileile: nunua lenzi nyingine. Watu warefu walitoka na vichwa vikubwa na miguu ya bata, na kumbe lenzi haikuwa na hatia. Ukimpiga mtu mwili mzima ukiwa umesimama mita 1.5 mbele yake, simu usawa wa macho, kichwa chake kiko mita 1.5 kutoka kwenye lenzi lakini nyayo ziko karibu mita 2.2. Kilicho karibu hunenepa, kilicho mbali husinyaa.

Siku hizi naishusha simu hadi usawa wa kitovu, narudi nyuma mita 3.5 na kutumia lenzi ya mara mbili (2x), ile inayovuta picha karibu. Simu ikae wima kabisa. Ikiinama kidogo tu, nguzo na kuta za nyuma zinaanza kulala.

Kabla ya hapo nilikwenda kinyume kupita kiasi. Niliposikia kwamba pembe ya chini humrefusha mtu, nilijilaza kifudifudi, lenzi pana kabisa, nusu mita kutoka kwenye miguu yake. Alirefuka, sibishi. Viatu vilikuwa mitumbwi, kichwa punje ya mtama, na katikati ya uso matundu mawili ya pua yakinitazama. Pembe ya chini inataka umbali: mita 3 au zaidi, kamera usawa wa goti.

Uso nao una hesabu yake. Sikio liko kama sentimita 12 nyuma ya pua. Ukipiga kwa sentimita 30, pua inakuzwa kwa asilimia 40 ikilinganishwa na sikio. Ukirudi hadi mita 1.5, tofauti inashuka hadi 8. Kwa hiyo rudi kwanza, ndipo uvute.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni kuigeuza simu juu chini. Kwenye simu nyingi lenzi huwa kona ya juu. Ukiigeuza, inabaki sentimita mbili tatu tu juu ya ardhi. Hapo kidimbwi cha maji ya mvua, ambacho ukisimama kinakuonyesha anga tupu, kinabeba jengo zima lililo ng'ambo yake. Picha hujigeuza yenyewe, na kama haijigeuzi, ni kugusa mara moja tu. Bonyeza kwa kitufe cha sauti ukiona shida kugusa kioo. Na futa lenzi! Tone moja la maji huifanya picha nzima kuwa ukungu.

Ufukweni au uwanja wa wazi kuna mtego mwingine: upeo wa macho hupita daima kwenye kimo cha lenzi yako. Ukishika simu usawa wa shingo ya mtu, mstari unamchinja. Nikiuona hapo, nashusha simu sentimita 30, upite kifuani.