Watu wa kijiweni walivyoingia kucheza igizo letu la denti na boda

Nafundisha maigizo kwa vijana huku Mbagala. Kuna mwalimu mwenzangu kaniuliza inakuwaje watu wa kijiweni wanakubali kuingia kucheza, maana kwake wanapiga makofi wanaondoka, basi naeleza hapa wengine nao wasome.

Kisa chetu mnakijua. Asubuhi konda hataki madenti kwa sababu nauli yao ni 200, anaziba mlango, "subiri la nyuma", binti anachelewa shule anachapwa, kesho yake boda anamwambia panda tu mdogo wangu utanilipa siku nyingine. Hiyo siku nyingine sote tunajua inalipwaje. Sasa ukikicheza mpaka mwisho, mimba, jela, mama analia, umeshamaliza kila kitu wewe, mtu atakuongezea nini? Mimi nakata pale binti kashika bega la boda na mguu keshaunyanyua. Nauliza, afanyeje? Na anayejibu simwachii aongee akiwa amekaa, namvalisha begi la shule aje atuonyeshe.

Njia hii ni ya Augusto Boal wa Brazil, ila na kwetu ina mizizi, kina Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji wa Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaigiza nao matatizo yao wenyewe, na mimba za wanafunzi zilikuwemo. Miaka 40 na bado tupo palepale, inaniuma sana.

Kibali nilichukua serikali ya mtaa, hilo halikusumbua. Kazi ilikuwa kijiweni, nilikuwa naenda nakaa nao nakunywa kahawa nasikiliza wanavyoongea, maneno yao ndo tukayaweka kwenye igizo. Tukacheza saa nane mchana wateja wakiwa wachache, tukaanza na mdundiko kuzunguka mitaa, watu wakafuata ngoma mpaka kituoni.

Wa kwanza kuvaa begi alikuwa boda, kijana mkubwa ana ndevu. Akambembeleza konda, wapi. Akagomba, akasukumwa. Akageuka kwa watu akasema kwa sauti, "nyie wazazi mmekaa hapo mnaniangalia tu?" Kimya. Mara mama muuza maandazi akainuka, wala sijamwita, akaenda kusimama mbele ya gari letu la viti vya plastiki, "halitoki hili mpaka mwanangu apande." Aisee nililia, sifichi.

Baada ya hapo mjadala ukawa wao wenyewe. Yule boda akasema miaka 30 jela kwa kumpa mimba mwanafunzi kila mtu anaijua, shida ni kwamba mwenzako akimpakia denti bure kila siku hakuna anayemwambia acha. Wakakubaliana mmoja wao awe anasimama kituoni asubuhi madenti wanapopanda. Siku nyingine hayupo, lakini siku akiwepo makonda wanafungua mlango.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, kata mapema, halafu huyo anayecheza konda mfundishe asilegee. Akiruhusu denti apande kwa kubembelezwa mara moja tu, watu watajua mnawadanganya, kwa sababu wao wanapanda hizo gari kila siku.