Namna nilivyojifunza kumwandikia asiyekuja ibadani

Wakorintho walimsema Paulo kwamba nyaraka zake ni nzito, lakini akiwapo mwenyewe hana maneno. Wachungaji wengi wa Nairobi tuko kinyume chake. Mimi nahubiri Kayole, na mimbarini sijawahi kukwama. Kwenye kalamu ndiko nilikokuwa nikikwama. Ukihubiri unabebwa na kwaya, na "amina" za akina mama wa mstari wa mbele, na mikono yako mwenyewe. Ukiandika, hayo yote hayapo.

Walionisukuma ni walinzi. Tuna waumini kadhaa wanaolinda godauni kule Industrial Area, na shifti haijui Jumapili. Mmoja wao aliniomba, "Pasta, nitumie mahubiri niyasome usiku getini." Nikamtumia rekodi. Akanieleza kwa heshima kwamba rekodi ndefu inamaliza bando, tena mlinzi akikutwa na msimamizi ameziba masikio kwa nyaya za simu, hiyo kazi amepoteza. Aliomba maandishi, na maandishi ndiyo aliyotaka.

Basi kila Jumatatu nikawa nasikiliza rekodi ya jana yake na kuichapa neno kwa neno. Simu inaweza kugeuza sauti kuwa maandishi yenyewe, ila nilitaka masikio yangu yapate taabu kidogo. Kipande kimoja kilikuwa hivi: "Mungu wako halali! Nasema halali! Mwambie jirani yako, halali! Wewe umelala fofofo, yeye halali, anakulinda!" Kanisani watu walisimama wakapiga makofi. Kwenye skrini, hoja ni moja na haisogei. Halafu nikamfikiria atakayeisoma. "Wewe umelala fofofo" namwambia nani, mtu aliyekesha na rungu mkononi?

Nikafuta, nikaandika: "Zaburi ya 121 inamwita Mungu mlinzi wa Israeli, asiyesinzia wala kulala. Wewe uliye macho saa tisa usiku, kazi yako Mungu hakuona haya kuitwa kwa jina lake." Sentensi mbili. Nisingezipata kama ningekuwa nawaandikia "wapendwa katika Bwana". Wapendwa katika Bwana hawana sura, hawana shifti, hawana baridi ya usiku. Ukiwaandikia hao utaandika mambo ya jumla mpaka Yesu arudi.

Msaada mwingine nilipata kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayesali kwetu. Nilimwomba awe anapitia ninachoandika kabla sijakituma. Wenzangu wengine huona ni kujishusha, lakini Waraka kwa Warumi wenyewe uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye anajitaja mwishoni na kuwasalimu watu. Mwalimu hasahihishi tahajia tu. Anapiga mstari chini ya neno na kuuliza, "Pasta, hapa unamaanisha nini?" Nikimjibu kwa mdomo, ananiambia, "Basi andika hivyo ulivyosema sasa."

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba naandika Kiswahili cha Biblia ya 1952. Ni Kiswahili kitamu, nimekulia humo na sitakiacha katika maombi. Lakini tangazo la kanisa halihitaji "tazama, siku zaja". Nilikuwa nimeandika: "Tunapenda kuchukua nafasi hii kuwajulisha wazazi wote ya kwamba kutakuwako kikao." Yeye akaandika pembeni: "Wazazi, kikao ni Jumamosi saa nane mchana, hapa kanisani. Njooni na ripoti ya mtoto." Sikuwa na la kujibu.

Mahubiri yenyewe ni sehemu ndogo ya uandishi wa mchungaji. Kuna barua za kuombea watoto karo, barua za kumtambulisha kijana anayetafuta kazi, barua kwa chifu. Hapo mwalimu wangu mkuu amekuwa Filemoni, waraka wenye aya 25 tu. Nimeusoma na penseli mkononi. Paulo hafiki kwenye ombi lake mpaka aya ya 10. Anaanza kwa kushukuru, kisha anasema angeweza kuamuru ila anachagua kusihi, ndipo anamtaja Onesimo, mtumwa wa Filemoni anayemwombea apokewe tena. Deni halifichi: kama anawiwa kitu, kiandikwe juu yangu, mimi nitalipa. Na karibu na mwisho anatupia kwamba atayarishiwe mahali pa kukaa, yaani anakuja mwenyewe kuona. (Mzee alikuwa mjanja.)

Mama mmoja mjane alipochelewesha kodi, nilimwandikia mwenye ploti kwa mpangilio huohuo. Nilimshukuru kwanza kwa jambo la kweli, kwamba hakuwahi kumfungia nyumba mpangaji aliye na mgonjwa. Nikataja kiasi kamili kinachodaiwa, nikataja kile ambacho kanisa lingelipa na tarehe, na nikasema nitampitia wiki hiyo. Ukurasa nusu, bila hata mstari mmoja wa kumtisha kwa hukumu ya Mungu. Alikubali tulipe kwa awamu mbili. Barua za zamani, zenye kurasa mbili za Maandiko, sidhani wengi walizisoma hadi mwisho.

Kinachonisumbua bado ni wasifu wa marehemu. Familia huniletea orodha: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, kulazwa, kufa. Ukiisoma hivyo kaburini, marehemu anaweza kuwa mtu yeyote. Siku hizi nauliza ni kitu gani kilichokuwa kikimkasirisha, na chakula gani alikuwa hagawi. Hapo watu hucheka, wanapokezana, na mimi naandika haraka. Ila ni lazima nifike mapema jioni, kabla kamati ya mazishi haijafungua daftari la michango, kwa sababu hesabu zikishaanza hakuna mwenye nafasi ya kusimulia.