Utao Usioandikwa

Juzi mwanangu aliniuliza kama shairi lazima liwe na vina. Nikamjibu si lazima, akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na kipindi kile cha ushairi nilichowafundisha watoto wa miaka 7 na 8 kichwani.

Mtoto wa umri huo ukimwambia aandike kuhusu hasira, ataandika "nina hasira sana," kisha ataweka penseli chini. Hisia ameshaitaja, anaongeza nini tena? Kwa hiyo siku ile walichora kwanza, dakika 5, bila maneno. Halafu nikawapa maswali: inakaa wapi mwilini? Inatoa sauti gani? Usiku inalala wapi? Kila jibu likawa mstari wake. Tahajia sikuigusa, hiyo ina kipindi chake. Asiyetaka yake isomwe alikunja pembe ya karatasi. Vina niliviacha kabisa, maana ukivileta mapema mtoto hutafuta kwanza neno linaloishia na -nga, na huzuni yake yote inaishia kwenye panga au mchanga.

Mmoja, ambaye pembe yake haikukunjwa, alisoma:

"Hasira yangu hulala, chini ya kitanda changu."

Tukapiga makofi kuhesabu silabi. 8 ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 utao, nusu ya pili. Mizani 16 kamili, na hakuna aliyemfundisha! Darasa likalipuka. Nikauliza, ikiamka je? Akafikiri, akaandika, akasoma:

"Haiamki, ni mimi."

Makofi yakagongana. Wengine walipata 7, wengine 8. Kosa liko palepale kila mara: watoto huimeza ile m. Katika "simba" m imeshikana na b, si-mba, makofi mawili. Katika "amka" inasimama peke yake bila irabu, a-m-ka, nayo inadai kofi lake. Tukapiga polepole: ha-i-a-m-ki-ni-mi-mi. 8.

"Bado utao," nikasema.

"Nimemaliza."

Wenzake hawakukubali. Mikono juu, kila mtu ana nusu ya kumkopesha. Aliyewahi akapaza sauti: "Nipige kelele nyingi!" Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. 8. Nusu ilikaa vizuri mno, kama kifuniko cha chungu chake. Ila yule mtoto alimgeukia akiwa amekunja uso:

"Sipigi kelele mimi."

Kimya kidogo. Kisha kutoka dawati la nyuma, makofi ya taratibu, na sauti: "Nane, mwalimu! Hiyo nayo ni nane!"

Ilikuwa nane kweli. Kina cha "mimi" nacho kikaja chenyewe. Nikamuuliza mwenye shairi kama tuiandike. Akatikisa kichwa. Hilo si shairi, akasema, nilikuwa namjibu huyu. Karatasi aliirudisha na mshororo wa pili ukiwa nusu.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida: kengele, penseli zilizopotea, ugomvi wa kifutio.

Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba ningeiandika tu ubaoni, mtoto aione kwa macho yake kisha aamue upya. Mimi nasema mwenye shairi ndiye anayejua linapoishia. Tumebishana hivyo mara nyingi, na kila tukibishana najikuta nahesabu tena: haiamki ni mimi, sipigi kelele mimi. 16. Haina pa kupunguza.