Siku moja na Mzee Buku, mpelelezi wa Bukavu

Saa kumi na moja alfajiri. Umeme umerudi, basi usingizi umekwisha. Naandika hadithi za upelelezi za watoto, na wapelelezi wangu ni wanyama. Kodi ya nyumba inatoka kwenye masomo ya jioni ninayofundisha, ila asubuhi ni ya Mzee Buku.

Mzee Buku ni panya buku: macho hafifu, pua kali, na mashavuni ana vifuko vya kubebea chakula. Pua hiyo sikuitunga. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufundisha panya wa aina yake kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na hata kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mpelelezi gani wa vitabuni ana cheti kama hicho?

Saa tatu, soko la Kadutu. Nanunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, lakini hasa nimekuja kuuliza. Kwenye kesi ninayoiandika, sambaza zilizoanikwa kwenye wavu zimetoweka usiku.

“Mama, paka wanakusumbua?”

“Paka? Mwewe ndiye mwizi, mwanangu. Anashuka unamwona!”

Anashuka, ndiyo, lakini mchana. Usiku mwewe amelala. Nitamwacha kwenye orodha ya washukiwa, watoto wamtoe wenyewe.

Saa saba, simu ya mhariri. Anataka tuanze na “Hapo zamani za kale”. Nimekataa. Sambaza waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tukirudi enzi za mababu, mwizi ataiba nini?

Saa tisa ndiyo saa ninayoipenda. Watoto wa mtaa wanakaa barazani, nawasomea sura mpya. Leo walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: bundi! Bundi ni wa wachawi, nani mwingine? Sikubishana nao. Nikatoa donge la manyoya nililookota chini ya dari la kanisa, maana bundi hutapika asichoweza kusaga tumboni. Nilikuwa nimelichemsha. Tukalichambua kwa kijiti juu ya karatasi: manyoya ya kijivu, mbavu nyembamba kama uzi, kisha taya la panya, meno yake ya mbele bado yana rangi ya machungwa.

“Yaya, mbona hakuna mifupa ya samaki?” mmoja akaniuliza.

Bundi akaachiwa huru, ingawa wawili walisema kwao bado asitue. Halafu msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza mbona hata pale kwenye wavu hakuna mfupa wala kichwa cha sambaza kilichobaki.

“Basi hakula pale. Alibeba.”

“Alibeba na nini? Mnyama ana mkoba?”

Wakanyamaza. Mvulana wa nyuma akajaza mashavu hewa, taratibu, akanitazama. Nilifunga daftari haraka. Sura ya mwisho bado sijawasomea, na hapa pia simtaji mtu.

Jioni, masomo.

Saa tatu usiku. Mchoraji ametuma picha: Mzee Buku na miwani, kofia na kioo cha kukuzia. Nimemwandikia aondoe miwani na kioo, arefushe masharubu, pua iguse ardhi. Akauliza, na kofia? Kofia ibaki.