Kauli ya Chalinze na Swali la Malaika

Somo: Mwanzo 16:6–13

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Shule zimefunguliwa wiki hii. Jumatatu alfajiri nilimwona binti wa jirani akimkabidhi bibi yake mtoto wa miezi minane, akarekebisha sketi yake ya shule, kisha akaondoka kwa haraka asije akachelewa namba. Miaka michache iliyopita mimi na jirani zangu tusingeliona jambo hilo, na ndiyo maana nimeirudia habari ya Hajiri, mjakazi aliyekimbilia jangwani akiwa na mimba baada ya kuteswa na Sarai, mke wa Abramu, na pamoja nayo huzuni ambayo wengi wetu tuliibeba kimya kimya.

Mnakumbuka Juni 2017, pale Chalinze mkoani Pwani, hayati Rais John Magufuli alipotamka mbele ya mkutano wa hadhara kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayeruhusiwa kurudi shuleni. Alitoa na mfano wa binti ambaye, akishakokotoa hesabu chache, angemwomba mwalimu ruhusa akamnyonyeshe mtoto anayelia. Kuwafukuza mabinti hakukuanza na yeye, kwa maana kanuni za mwaka 2002 zilikwisha kutoa nafasi ya kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na shule nyingi zilizitumia hivyo. Lakini kulikuwa na mjadala wa kutafuta njia ya kuwarudisha, na neno la Rais likiisha kusemwa hadharani, ni mwalimu mkuu gani angethubutu kufungua mlango?

Kwangu mimi kauli ile iliuma kwa sababu ya aliyeitamka. Huyu alikuwa mwalimu, aliyefundisha kemia na hisabati Sengerema kabla ya kuingia katika siasa. Ni serikali yake iliyoondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na mtoto wa mkulima aliyekuwa akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada akabaki darasani. Kila mara alituomba tumwombee, nasi tulimwombea kwa mioyo yetu yote. Kwa haki ni lazima niseme pia kwamba hakuwasahau wanaume, kwani mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Hata hivyo sote tunajua kesi ngapi huzimwa kwa wazazi kupatana, ilhali tumbo la binti haliwezi kuzimwa, na adhabu yake yeye haikuhitaji shahidi.

Sasa tazameni sura ya 16. Abramu ni mtu aliyeitwa na Mungu, na Maandiko yatakuja kumwita baba wa wote waaminio. Mtu huyo huyo analetewa na mkewe Sarai malalamiko juu ya msichana mwenye mimba, mimba ambayo ni yake mwenyewe, naye anajibu kwa sentensi moja: mjakazi yu mkononi mwako, mtendee uonavyo vyema. Hamwiti Hajiri wala hamuulizi neno. Sentensi hiyo moja ya mtu mkubwa inamfikisha binti jangwani. Biblia haikuificha ili kulinda heshima ya Abramu, wala haikuifuta imani yake kwa sababu ya siku hiyo. Nami nimejifunza hapo kwamba ninaweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya kiongozi, na bado nikasema wazi kwamba katika jambo hili alikosea na watoto wetu wakaumia.

Jangwani, kwenye chemchemi, malaika anamkuta Hajiri na kumwita kwa jina, jambo ambalo Abramu na Sarai hawalifanyi mahali popote katika sura hiyo, kisha anamuuliza: unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Najua kwamba baadaye anamwambia arudi kwa Sarai, bibi yake, na kunyenyekea, na neno hilo ni gumu kwangu mpaka leo. Sitaligeuza liwe jepesi. Lakini swali lilitangulia agizo, na ni swali linalomchukulia msichana huyu kuwa mtu mwenye safari yake.

Hapa ndipo huzuni yangu juu ya Rais iliponigeukia. Mwaka ule ule wa kauli ya Chalinze nilikuwa miongoni mwa wazee wa kanisa tulioketi kumjadili binti wa kwaya ya vijana aliyeonekana kuwa na ujauzito. Kikao hakikuchukua hata nusu saa. Alitengwa, akavuliwa joho la kwaya, na miezi kadhaa baadaye akasimamishwa mbele ya usharika akiwa na mtoto mgongoni, akatubu ili arudi kundini. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Jina la mwanamume halikutajwa, wala mimi sikulitafuta. Nilikuwa nimeihuzunikia kauli ya Rais nikiwa nyumbani kwangu, huku saini yangu ikiwa kwenye muhtasari uliosema jambo lile lile kwa lugha ya kanisa.

Tarehe 24 Novemba 2021, miezi minane baada ya Rais Magufuli kufariki, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Serikali ilibadilisha neno lake. Utaratibu wetu usharikani haujabadilika.

Jumapili ijayo mabinti wawili wamepangwa kurudi kundini. Nimemwomba mchungaji, naye amekubali, kwamba Jumatano jioni sisi wazee tuketi nao kwanza pamoja na mama zao, bila kitabu cha kumbukumbu mezani, tuwaulize walikotoka na wanakotaka kwenda. Mmoja wao aliachia masomo kidato cha pili. Naomba mtuombee Jumatano hiyo, tuwe na subira ya kusikiliza mpaka mwisho.