Unga mweupe, hatimaye
Leo nimefungua tanuru nikakuta unga mweupe, na moyo umetulia. Ni nitridi ya alumini, yaani kiwanja cha alumini na nitrojeni! Njia iliyozoeleka ya kuitengeneza, ya kuchoma alumina (oksidi ya alumini) na kaboni ndani ya nitrojeni, hudai nyuzi joto 1400 na kupanda. Mimi nilianza na kloridi ya alumini na urea, nikapasha mchanganyiko katika mkondo wa amonia hadi nyuzi 1000 tu. Mara mbili za mwanzo ulitoka wa kijivu, kaboni ya urea ilikuwa imebaki. Safari hii nilipasha taratibu zaidi, amonia ikapata muda wa kuiondoa. Sasa naulinda dhidi ya unyevu kama mboni ya jicho: maji huugeuza kuwa hidroksidi, na harufu ya amonia ndiyo hukujulisha.